Australia wamefungia watoto chini ya miaka 16 mitandaoni. Huku kwetu simu ni ya mama, mtoto anazuiwaje?

#1 BabaWawili_Tabata

Wakuu salaam.

Jumapili nimetoka kuangalia mpira, nakuta mwanangu wa miaka 11, darasa la tano, kajifunika shuka na simu ya mama yake. Gemu huwa anacheza, si jambo geni. Nikamwambia lete hiyo simu. Akasita. Yule mtoto hajawahi kusita kunipa kitu.

Nikafungua sehemu ya kuchati ndani ya gemu. Kuna mtu anajiita jina la kike, picha ya katuni. Wiki tatu wanachati. Mwanzo habari za gemu tu, anamgawia silaha na nguo za yule mchezaji wake. Baadaye: "Mama yupo?" Baadaye tena: "Usimwambie, atatuzuia kucheza." Ya mwisho ya saa 3:40 usiku: "Hamia WhatsApp nikupe zawadi kubwa, ila nitumie picha yako kwanza."

Mikono ilinitetemeka. Nikafuta kila kitu, gemu nikaliondoa, dogo nikamchapa viwili, na mama yake akanigombeza mimi.

Sasa shemeji yangu yuko Melbourne, ananiambia wenzetu walishamaliza mjadala. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya Instagram, TikTok, Snapchat, hata YouTube. Kampuni isipochukua hatua, faini inafika dola milioni 49.5 za kwao. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, wanashindwa nini kufanya hivyo kesho asubuhi?

#2 ChapatiMaji

Pole sana mkuu. Nimevuta kiti.

Ila mpira gani huo wa Jumapili unamwacha mtoto wiki tatu na jambazi?

#3 FundiSimu_Msimbazi

Pole kaka. Mimi natengeneza simu Kariakoo mwaka wa tisa huu, nikwambie ninachokiona mezani.

Mama analeta simu, kioo kimepasuka. Naiwasha kuijaribu: akaunti tatu za TikTok, moja ya mama, mbili za watoto. Zote zimesajiliwa kwa laini ya mama. Tarehe ya kuzaliwa 1 Januari 1990, wote. Watoto wa Dar es Salaam wote wamezaliwa siku moja, na mwaka huu wanatimiza miaka 36.

Hiyo sheria ya Australia inadhani kila mtoto ana simu yake. Kwetu simu moja inalisha nyumba nzima: baba anaangalia matokeo, mama anapokea oda za maandazi, dada anasoma status, dogo anacheza gemu. Kampuni ikiuliza "wewe una miaka mingapi?" inamuuliza nani?

#4 MbebaBoksi_Perth

BabaWawili, naishi huku na nina wawili wa rika hilo, kwa hiyo nirekebishe kidogo alichokwambia shemeji.

Moja: mtoto haadhibiwi, mzazi naye haadhibiwi. Mzigo wote uko kwa kampuni. Pili, na hili ndilo kubwa kwako: orodha ina Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Twitch na Kick. WhatsApp haimo. Roblox haimo, na michezo mingi ya namna hiyo haimo. Yaani yaliyomkuta mwanao yangemkuta hata akiwa Melbourne, maana yalianzia kwenye gemu na yalikuwa yanaelekea WhatsApp. Mlango uliofungwa siyo aliopitia.

Januari serikali ilitangaza akaunti kama milioni 4.7 zimeondolewa au kuzuiwa. Wangu wa miaka 14 alilia siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta anatazama YouTube bila kuingia kwenye akaunti. Hiyo inaruhusiwa, na bila akaunti hata ule mpangilio wa ulinzi wa watoto haupo. Sijui nicheke au nilie.

#5 Mwl_wa_Zamu

Wazazi mnatafuta mchawi. Mimi ni mwalimu wa msingi. Mtoto wa darasa la tano saa 3:40 usiku yuko na simu, nyumba nzima wapi? Shuleni simu ni marufuku, tunamaliza siku salama. Matatizo yote yanatoka nyumbani Jumatatu asubuhi yakiwa yamevaa sare.

Halafu miaka 13 inayowekwa na mitandao haikutoka hewani, wataalamu wa ubongo wa mtoto walipima. Tungeifuata hiyo tu ingetosha.

#6 WakiliNjaa

Mwalimu, nidhamu hapo juu ni yako, ila 13 haikupimwa na mtaalamu wa ubongo yeyote. Inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayoitwa COPPA, iliyoanza kutumika Aprili 2000. Inasema ukitaka kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13, pata kwanza ridhaa ya mzazi. Kampuni zikaona kutafuta wazazi ni usumbufu, zikaandika "ukiwa chini ya 13 usijiunge" na kufumba macho. Sheria ilikuwa ya faragha na matangazo. Kama mtoto yuko tayari au hayuko, haikugusa kabisa.

Na hata huko wenyewe inavunjwa. Mwaka 2019 Google walilipa dola milioni 170 kwa sababu YouTube ilikusanya taarifa za watoto ili kuwauzia matangazo. Mwaka 2022 Epic, wenye Fortnite, walikubali kulipa milioni 275 kwa kosa la sheria hiyo hiyo.

#7 Mwl_wa_Zamu

Nimekubali hilo la 13. La saa 3:40 halijajibiwa.

#8 BabaWawili_Tabata

Mwalimu nipo, sijakimbia. Saa hiyo mama yake alikuwa anakanda unga wa maandazi ya asubuhi, mimi nilikuwa kwenye daladala natokea Mbagala. Simu tulimpa atulie. Ndiyo ukweli wenyewe.

#9 Kijana_wa_Leicester

Kabla hamjakimbilia kuiga, tazameni Uingereza. Sheria yao ni ya 2023, lakini kipengele cha kuhakiki umri kilianza kuuma tarehe 25 Julai 2025. Tovuti za ngono lazima zihakikishe wewe ni mtu mzima: piga selfi mashine ikadirie umri, au toa kitambulisho, au kadi ya mkopo (credit card). Msimamizi ni Ofcom, faini hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya dunia nzima, ipi kubwa.

Wiki ileile VPN, programu za kuficha uko nchi gani, zikawa juu kwenye orodha ya programu zinazopakuliwa. Watu wakagundua kuwa uso wa mhusika wa gemu la Death Stranding, ukiuelekeza kwenye kamera, unapita kama mtu mzima. Mimi mwenyewe nina miaka 29, mashine iliniambia haina uhakika, nikaombwa pasipoti. Ndevu hizi zote!

Oktoba mwaka huo huo Discord, mtandao wa kuchati wa wacheza gemu, wakatangaza kuwa picha za vitambulisho vya watu kama 70,000 huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi. Hazikutoka kwao moja kwa moja, zilitoka kwa kampuni waliyoikodi kuhudumia wateja. Zilikuwa za watu waliopinga makadirio ya umri wao. Yaani umetoa kitambulisho kumlinda mtoto, na sasa wewe mzazi ndiye unayetafutwa na matapeli.

#10 ChapatiMaji

Ndevu zako mkuu mashine imeona ni za kuchora na mkaa.

#11 Sauti_ya_Mnyonge

Nimesubiri mtu aliseme, naona mnazunguka.

Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kitambulisho cha taifa. Oktoba 2023 tukaambiwa anayetumia VPN aitolee taarifa TCRA. Mei 2025 X ikafungwa, na waziri alipoulizwa akasema ni kwa sababu ya maudhui ya ngono, maadili yetu, watoto wetu. Sasa mtu anakuja hapa anaomba kwa hiari yake kwamba nikitaka kuingia mtandaoni nionyeshe NIDA. Kumlinda nani, jamani?

Ukimwambia mtu "ni kwa ajili ya watoto" hakuna anayethubutu kukataa. Ndiyo maana neno hilo linapendwa.

#12 BabaWawili_Tabata

Mkuu nakuheshimu, lakini ni rahisi kusema hivyo kama siyo mwanao aliyeombwa picha.

#13 Sauti_ya_Mnyonge

Nina watatu. Kubwa lao ana miaka 12.

#14 MwanaKibokoni

Sikizeni na sisi wa Mombasa. Huku mjadala ulifika zamani na ukaja kwa njia ya faini na mahakama.

Sheria yetu ya data ya 2019 yasema taarifa za mtoto hazitumiwi bila ya ridhaa ya mzazi au mlezi. Watu wakadhani ni maneno ya karatasini. Septemba 2023 Kamishna wa Data akaitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu kwa picha! Wiki ile kila shule ikatuma fomu nyumbani. Yangu niliikuta ndani ya mkoba wa mtoto, imeloa maji ya embe.

Ila tazameni nani kapigwa: shule. Machi 2025 BBC walionyesha wasichana wa Kenya, hata wa miaka 15, wakitumika kwenye matangazo ya kingono ya moja kwa moja TikTok, watu wakirusha zawadi na mtandao wenyewe ukikata fungu lake. Faini ya milioni nne na nusu ya huko mbona sijaisikia?

#15 WakiliNjaa

MwanaKibokoni umegusa penyewe. Shule ina geti, ina mkuu wa shule, barua inafika. Kampuni ya California unaipelekea barua wapi?

Kenya angalau wamejaribu. Yule msimamizi wa maudhui, yaani anayekagua yanayowekwa Facebook, aliyeshtaki mwaka 2022 kuhusu mazingira ya kazi Nairobi, Meta wenye Facebook walijitetea kuwa wao si kampuni ya Kenya, hawawezi kushtakiwa huko. Mahakama ikakataa mwaka 2023, na Mahakama ya Rufani ikasimama palepale Septemba 2024. Mnaona hoja ilivyokuwa? Watu wanakaa Nairobi, wanatazama uchafu wa dunia nzima saa nane kwa siku ili wewe usiuone, halafu mwenye duka anasema hana duka.

Kwa Tanzania: sheria zipo. Ponografia ya watoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Zanzibar wana Sheria ya Mtoto ya kwao ya 2011, msiwachanganye. Kinachokosekana ni mkono wa kumfikia mkubwa. Hiyo faini ya Australia inatisha kwa sababu Australia kuna wateja wenye pesa za matangazo. Sisi tukitishia kuifunga TikTok, anayeumia ni binti anayeuza madera kwa TikTok.

#16 Dera_Kwa_Jumla

Asante kwa kunitaja 😂 Madera yapo, elfu kumi na nane, natuma mikoani.

#17 FundiSimu_Msimbazi

Dada na mimi niwekee la mama watoto, kijani.

Narudi kwenye mada. Hizo kamera za kukadiria umri mimi siziamini hata kidogo. Simu nyingi ninazouza ni za laki na nusu, kamera ya mbele ukiwa ndani na taa ya njano unaonekana kama gunia. NIST wa Marekani, wanaopima hizi mashine za kusoma sura, wamekuta makosa hayalingani: yanategemea jinsia na mtu ametokea pande gani za dunia. Sisi weusi na kamera ya laki na nusu tutapimwa umri gani? Bibi yangu ataambiwa arudi na mzazi.

#18 Bi_Zuwena_Maskat

Assalaam alaykum. Niko Maskati mwaka wa kumi na nne. Huku simu za WhatsApp za sauti zimefungwa, watu wanapiga kwa programu nyingine, na watoto ndio wanaotufundisha sie wazee njia. Mimi mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye kaniwekea.

Kwa hiyo mkisema mtafunga, mjue nani atakayewafungulia.

#19 Nuru_KidatoChaTano

Shikamooni. Nina miaka 17.

#20 ChapatiMaji

Marahaba. Umehakikiwa? Onyesha ndevu.

#21 Nuru_KidatoChaTano

Ngoja nimalize kwanza mjomba.

Mnaongea kuhusu sisi kama vile hatupo. Baba yangu alianza kunikagua simu nikiwa kidato cha pili. Kila Jumamosi anaisoma, meseji moja baada ya nyingine, kwa sauti, mbele ya kaka zangu. Kuna rafiki yangu alikuwa ananiandikia mambo ya kwao, mama yake anapigwa. Baba akayasoma sebuleni. Yule rafiki hajaniandikia tena mpaka leo.

Nilichofanya ni kufungua akaunti ya pili. Kuna mkubwa alinisumbua kwenye hiyo akaunti ya pili, miezi miwili. Ningemwambiaje baba bila kumwambia kwamba akaunti ipo? Nilimblock mwenyewe, nikafaulu. Ningeshindwa?

BabaWawili samahani kwa kukwambia hivi, lakini viboko viwili vimemfundisha mwanao asisite tena. Siku nyingine atakupa simu haraka sana, imeshafutwa.

#22 Mwl_wa_Zamu

Binti una adabu na unachoma.

#23 BabaWawili_Tabata

Nimesoma. Sina la kujibu kwa sasa.

#24 Mama_Ustawi

Habari za usiku. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, naomba niseme mambo mawili matatu, kisha nikalale.

La kwanza, baba, umefuta. Najua hasira, wazazi wengi wanafuta. Lakini ile chati ndiyo ilikuwa ushahidi: jina la akaunti, saa, maneno. Ukikuta kitu cha namna hiyo usijibu, usimtukane, usifute. Chukua simu nyingine, piga picha kioo chote, andika jina la akaunti kama lilivyo na herufi zake za ajabu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Kenya pia ni 116.

La pili. Wote humu mnaongelea mtu asiyejulikana. UNICEF, ECPAT (wanaopinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL walifanya utafiti, Disrupting Harm, Kenya na Tanzania zikiwamo. Jambo linalonirudia kila siku kazini limo humo: mara nyingi anayemfanyia mtoto haya mtandaoni ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Mpangaji. Mwalimu wa tuisheni. Binamu. Mjomba. Nimeshawahi kukaa na mzazi analia, anamlaani Mzungu wa mtandaoni, na aliyeomba picha alikuwa chumba cha pili.

Kwa hiyo mnaposema "mzazi apewe uwezo wa kuona kila kitu", mimi huuliza mzazi yupi.

#25 Sauti_ya_Mnyonge

Mama umenipa kitu cha kufikiri. Shikamoo.

#26 Kijana_wa_Leicester

Namuunga mkono Mama_Ustawi, niongeze la mashine kusoma mambo yetu.

Agosti 2021 Apple walitangaza kwamba iPhone itakagua picha kabla hazijapanda iCloud, hifadhi yao ya mtandaoni, ikizilinganisha na alama za picha za unyanyasaji wa watoto zinazojulikana. Wataalamu wakapiga kelele: leo ni picha za watoto, kesho serikali fulani italeta orodha yake ya picha za wapinzani. Desemba 2022 Apple wakaachana na mpango huo. Hadi leo kuna wanaosema walishinda watetezi wa faragha, na wengine wanasema walishindwa watoto.

Halafu baba mmoja wa San Francisco, habari yake ilitoka New York Times 2022. Mtoto mdogo anaumwa sehemu za siri, nesi akaomba picha, wakapiga kwa simu. Mashine ya Google ikaikamata. Polisi wakachunguza wakasema hana kosa. Google hawakumrudishia akaunti: barua pepe, picha za familia, namba ya simu, vyote kwaheri.

Wangapi humu mmeshamtumia daktari picha ya upele wa mtoto kwa WhatsApp? Mimi nimetuma.

#27 MwanaKibokoni

WhatsApp yenyewe haioni picha, imefungwa tangu 2016, mpeleka na mpokeaji tu ndio wanaosoma.

#28 Kijana_wa_Leicester

Sawa. Ila nakala ikienda kuhifadhiwa Google au iCloud na hujaifungia nenosiri lake, hadithi ni nyingine. Na kufuli hilo hilo ndilo linalomficha yule aliyemwambia mtoto wa BabaWawili "hamia WhatsApp". Alijua anachokitaka.

#29 Sauti_ya_Mnyonge

Na ndilo linalomficha Nuru na rafiki yake wasisomwe sebuleni. Kufuli ni moja, hulivunji kwa mbaya peke yake.

#30 Mbeba_Lumbesa

Nimesoma yote kurasa mbili. Wote mmekosea. Tatizo ni bando. Enzi za bando la chuo kila kitu kilikuwa sawa, mtoto hana MB anaenda kucheza mdako. Pandisheni bando.

#31 Dera_Kwa_Jumla

Lumbesa unataka tufe njaa?

#32 Mwl_wa_Zamu

Niseme la kwangu la aibu, maana nimewasema wazazi sana.

Mwaka juzi kwenye mahafali ya darasa la saba nilipiga picha za watoto wote, nikaziweka kwenye ukurasa wangu, majina kamili na shule. Nia njema. Baada ya wiki mzazi mmoja akanijia: picha ya bintiye imechukuliwa, kuna akaunti inaitumia kujifanya yeye na inaomba watu pesa za "ada ya kidato cha kwanza". Niliripoti ile akaunti. Nikajibiwa kwa Kiingereza kwamba haikiuki viwango vya jamii. Nikaripoti tena, nikawaomba walimu wenzangu kumi na wawili waripoti. Ikaondoka siku ya tisa.

Hiyo kampuni ina pesa ya kujua mimi napenda viatu gani. Haina mtu wa kusoma Kiswahili cha "naomba msaada wa ada".

#33 WakiliNjaa

Mwalimu hilo ndilo ningelidai mimi kabla ya kumfungia mtoto yeyote. Wawe na watu wa kutosha wanaosoma Kiswahili, muda wa mwisho wa kujibu ripoti ya mtoto, na anwani hapa nchini inayopokea hati ya mahakama. Ofcom na wale wa Australia wana uwezo wa kuidai kampuni ionyeshe inavyofanya kazi. Ukishapata hilo umri unakuwa suala dogo.

Ulaya nao wamepiga kwa njia ya data: Instagram euro milioni 405 mwaka 2022, TikTok milioni 345 mwaka 2023, zote na Ireland, zote kwa jinsi akaunti za watoto zilivyowekwa wazi kwa kila mtu bila mtoto kuchagua. Hakuna aliyeonyesha kitambulisho hapo. Waliulizwa tu: kwa nini mlango wa mtoto ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza?

#34 MbebaBoksi_Perth

Wakili, sikubaliani. Faini hizo kwao ni nauli ya basi. Hapa angalau nimepata sababu ya kumwambia mwanangu "siyo mimi, ni serikali". Huko darasani hakuna tena "mimi peke yangu ndiye sina". Hilo mnalidharau, lakini mwenye mtoto wa miaka 14 analijua.

#35 Nuru_KidatoChaTano

Hilo la "peke yangu sina" ni kweli mjomba. Nalikubali.

#36 FundiSimu_Msimbazi

Kwa atakayetaka, hatua ya bure: kwenye simu za Android kuna kumuwekea mtumiaji wa pili, mtoto anaingia chumba chake na mama chake. Nyingine kampuni wameizima, leteni niangalie. Family Link, programu ya Google ya mzazi kudhibiti simu ya mtoto, nayo ipo, ila inataka mtoto awe na simu yake na mzazi yake. Tumerudi palepale nilipoanzia.

#37 BabaWawili_Tabata

Wakuu nimerudi, mrejesho.

Nilipiga 116 jana. Aliyepokea alikuwa mpole. Kabla ya yote aliniuliza: "Mtoto yuko wapi sasa hivi, na yukoje?" Wiki nzima nilikuwa sijaulizwa hivyo na mtu, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Nikaenda kituoni, wakataka ushahidi, sina. Gemu lenyewe nililiandikia, wamenijibu kwa Kiingereza, mashine, wanashukuru kwa maoni yangu.

Jioni nikakaa na dogo nje, kwenye ngazi. Sikumuuliza kuhusu gemu, nilimwomba radhi kwa vile viboko. Alikaa kimya muda mrefu, anachimba simenti kwa kidole. Halafu akasema binamu yake wa Kigogo anazo picha za ile chati. Alimpigia picha na kumtumia wiki mbili nyuma, akamuuliza "huyu unamuona ni mtoto kweli?"

Yaani alishashtuka. Alitafuta mtu wa kumuuliza, akamwendea mwenye miaka 13.

Picha ninazo, nne, jina la akaunti linaonekana. Kesho narudi Dawati. Mama_Ustawi asante.

#38 Mama_Ustawi

Zihifadhi sehemu mbili, baba. Usimtumie mtu mwingine yeyote, hata kwenye kundi la wazazi. Na nenda naye mama yake.

#39 ChapatiMaji

Huyo wa Kigogo apewe soda.

#40 BabaWawili_Tabata

Ameshapewa.

FundiSimu, mama watoto anataka kile kitochi ulichowahi kunionyesha, simu janja ibaki ya biashara tu na ilale chumbani kwetu. Bei gani siku hizi?

#41 FundiSimu_Msimbazi

Elfu ishirini na tano, betri inakaa siku nne.

Ila nisikufiche kaka, na chenyewe kina Facebook.

#42 Sauti_ya_Mnyonge

Na lazima ukisajili laini yake kwa kidole.

#43 Dera_Kwa_Jumla

Fundi la kijani limeisha, kuna zambarau.